Mkalimani wa Mtu Asiyejua Kiswahili

Karani wa mahakama alinipigia simu kabla sijamaliza chai ya asubuhi. "Kuna Mswahili hapa," alisema. Kwake yeye kila anayezungumza Kiswahili ni Mswahili, awe Mkongo, Mrundi au Mtanzania wa Mbeya. "Amekamatwa mtaa wa La Rochelle. Hakimu anakungoja."

Nyumbani Kenya nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nilikuja Johannesburg kumfuata mume wangu aliyepata kazi benki, tukapanga nyumba Randburg, na kwa miaka mingi Kiswahili changu kilibaki cha jikoni, cha kumgombeza binti yetu. Mtoto huyo hunisikia vizuri sana lakini hunijibu kwa Kiingereza, na akikasirika hunijibu kwa Kizulu ili nisijue ametukana nini. Kisha mtu wa kanisani akaniambia kwamba mahakama zinatafuta wakalimani. Niliapishwa, nikapewa beji, nikaanza kuitwa. Wengi niliowakalimania walikuwa Wakongo: mafundi cherehani, wasusi, walinzi wa magetini. Kosa lao karibu kila mara lilikuwa lilelile, kuwa nchini bila karatasi, au kuwa na karatasi zilizopitwa na muda kwa sababu ofisi ya kuziongezea muda haikuwafungulia mlango.

Mahabusu wa mahakama ile wanawekwa chini ya jengo, kwenye vyumba vya kijani vinavyonuka dawa ya kusafishia choo. Askari alinionyesha kijana mrefu, mweusi kama mimi, ana mikono ya fundi. Nikamwambia kwa sauti yangu ya kazini, "Habari yako, ndugu yangu? Mimi ndiye mkalimani wako."

Alitazama nyuma yake, kuona kama kuna mtu mwingine. Hakukuwa na mtu. Akavua kofia, akaunganisha viganja vya mikono, akainama kidogo. "Ndaa," alisema.

Sikulijua neno hilo. Tukatazamana. Mwishowe akaniambia kwa Kiingereza, kwa upole, kama mtu anayeogopa kuniudhi, "Samahani, mama. Sijaelewa hata neno moja."

"Huyo hasemake Kiswahili, mama," sauti ikatoka chumba cha wanawake, ng'ambo ya korido. "Tulishajaribu."

Aliyesema alikuwa msusi wa Bukavu, mama mnene mwenye macho ya kucheka, aliyekamatwa kwenye msako uleule. Ndiye aliyenieleza kilichotokea. Walipopakiwa kwenye gari la polisi, wote humo walikuwa Wakongo isipokuwa yule kijana, na polisi aliyekuwa akijaza faili aliuliza wanazungumza lugha gani. "Mi nikamujibu: Swahili," alisema msusi. "Akatuandika bote."

Kijana naye akanieleza yake. Alikuwa Mvenda, amezaliwa Limpopo, kaskazini mwa nchi hiihii. Kazi yake ilikuwa kutengeneza friji. Alikuwa ametoka kununua mkate kwenye duka dogo la mtaani alipokuta polisi, na pamoja nao kikundi cha wakazi waliokuwa wakisema wanasafisha mtaa. Mmoja wa wakazi hao alijishika kiwiko, akamuuliza hiki kinaitwaje kwa Kizulu, kipimo chao cha kumjua mgeni. Mvenda ana lugha yake, lakini Kizulu cha mtaani alikuwa anakijua vizuri tu. Tatizo lilikuwa hofu. Badala ya kusema kiwiko, akasema goti.

"Nilisikia mdomo wangu unasema goti," aliniambia, "nikajua nimekwisha."

Kitambulisho chake kilikuwa kwa mama yake kijijini, kwa sababu Johannesburg alishaibiwa kimoja. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, hilo ni jambo la dakika mbili. Nitamwambia hakimu kuna makosa, ataenda zake. Niliyasema hayo kwa moyo mweupe kabisa.

Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo, mpole, aliyezungumza taratibu kama mtu anayeumwa jino. Mwendesha mashtaka alikuwa kijana mwenye suti iliyonyooshwa sana. Tulipoitwa, nikasimama kando ya kizimba.

"Mheshimiwa," nikasema, "mshtakiwa hajui Kiswahili."

Hakimu akafungua faili. "Hapa imeandikwa anakijua."

"Imeandikwa, Mheshimiwa, lakini hakijui."

"Amekwambia yeye mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Kwa lugha gani?"

"Kwa Kiingereza."

Mwendesha mashtaka akainuka. Alisema kwamba ikiwa mshtakiwa anajua Kiingereza, basi hahitaji mkalimani. Ikiwa hahitaji mkalimani, mimi si sehemu ya shauri hili. Na ikiwa mimi si sehemu ya shauri hili, mahakama haiwezi kupokea maneno yangu kwamba mshtakiwa hajui Kiswahili.

Hakimu aliliwaza hilo kwa muda. "Basi aiambie mahakama yeye mwenyewe," alisema.

Kijana akashika ukingo wa kizimba. "Mheshimiwa, mimi ni Mvenda," alisema, kwa Kiingereza kizuri kabisa.

Hakimu akainua kiganja. "Subiri mkalimani."

Niliona wote wananitazama, hata askari wa mlangoni. Mkalimani husema kwa nafsi ya anayemkalimania, ndivyo tulivyofundishwa. Kwa hiyo nikavuta pumzi, nikarudia maneno yale yale kwa Kiingereza kile kile. "Mheshimiwa, mimi ni Mvenda."

"Asante," alisema hakimu, akaandika.

Tuliendelea hivyo asubuhi nzima. Yeye aliongea Kiingereza, nami nikakirudia Kiingereza chake, na hakimu akinishukuru kila mara kwa adabu. Nilipouliza kama hangeweza kuitwa mkalimani wa Kivenda, niliambiwa kwamba yupo, tena ameajiriwa, yuko chumba cha pili. Kweli nilikuwa namsikia akikohoa ng'ambo ya ukuta. Lakini hawezi kuitwa mpaka lugha ibadilishwe kwenye faili, na wa kuibadilisha ni yule polisi aliyeiandika, naye alikuwa ameanza likizo.

Mashine ya alama za vidole ingemaliza mambo yote. Ila sistemu ilikuwa chini. Kila aliyeulizwa alijibu hivyo, sistemu iko chini, kwa sauti ile ile watu wanayotumia kusema mvua inanyesha.

Kisha mwendesha mashtaka akaleta jambo jipya. Alisema, hata tukikubali kwamba mshtakiwa ni Mvenda, Wavenda wapo Zimbabwe pia, ng'ambo tu ya mto. Hilo ni kweli. Kwa hiyo kijana aliyeingia mahakamani asubuhi akiwa Mkongo, kabla ya saa ya chakula alikuwa amekuwa Mzimbabwe, bila kupiga hatua moja nje ya kizimba. Aliniangalia kama anayeomba nimsemee kitu. Nilichoruhusiwa kusema ni yale aliyosema yeye.

Ofisa wa uhamiaji aliyekuwa amekaa nyuma ndiye aliyependekeza wimbo wa taifa. Mzaliwa wa nchi huujua, alisema. Hakimu alionekana kufarijika kupata kitu cha kufanya. Akamwambia kijana aimbe.

Wimbo wa taifa hauimbwi watu wameketi. Kwa hiyo alipofungua mdomo, karani akasimama, askari akasimama, mwendesha mashtaka akasimama na kufunga kifungo cha koti. Hakimu naye akasimama, joho lake likanasa kwenye kiti. Mlevi mmoja kwenye benchi la wasikilizaji aliamka akasimama wima akipiga saluti. Kijana aliimba vizuri, sauti yake ikitetemeka mwanzoni na kisha kutulia, na chumba kizima kikamfuata.

Sasa, wimbo huo una lugha tano, na ya nne ni Kiafrikana. Tulipofika hapo, kijana hakujua maneno, akaanza kuguna. Nikatupa jicho chumbani. Karani alikuwa anaguna. Askari alikuwa anaguna. Midomo ya hakimu ilikuwa inacheza kama ya mtu anayetafuna. Mwendesha mashtaka alikuwa amekohoa ghafla na kutoa kitambaa. Nina hakika nusu ya nchi huguna mahali hapo na hakuna anayekamatwa. Ila kutoka benchi la mahabusu, sauti moja ya kike iliendelea mbele bila kuyumba, kila neno mahali pake. Alikuwa msusi wa Bukavu. Chumba alichosukia kilipakana ukuta na shule ya msingi, na kwa miaka alikuwa akisuka huku watoto wakifanya mazoezi upande wa pili. Akavuka Kiafrikana peke yake, mkono kifuani, akatufikisha kwenye Kiingereza, na sote tukamdandia tena tukamaliza pamoja.

Tukakaa. Kijana alikuwa anatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Mheshimiwa," mwendesha mashtaka alisema, "mahakama imejionea. Ikiwa hata yule mwanamke anaujua, basi wimbo hauthibitishi chochote."

Hakimu akakubali kwamba hauthibitishi. Kijana akarudishwa rumande mpaka mama yake apatikane. Aliteremka ngazi bila kugeuka.

Wiki hizo alizokaa ndani sikulala vizuri. Nilimsimulia shemeji yangu kwa simu. Huyu ni mdogo wa mume wangu, anafundisha historia katika chuo kimoja Marekani. Nilitegemea acheke, kwa sababu nilikuwa nimeisimulia kwa namna ya kuchekesha. Hakucheka. Aliniambia kwamba kule zamani, sheria ya uraia ilimtaka mgeni awe mweupe au awe mwenye asili ya Afrika, na kwa hiyo mahakimu walikaa, na vitabu mbele yao, kuamua nani mweupe. Mtu wa Syria aliambiwa na mahakama moja kwamba ni mweupe, na Msyria mwingine, mahakama nyingine, akaambiwa si mweupe.

"Walimwangalia ngozi?" niliuliza.

"Wengine walimwangalia. Wengine walisema ngozi si hoja, hoja ni ukoo. Wengine wakasema hoja ni vile mtu wa kawaida mtaani anavyofikiri."

"Na mtu wa kawaida mtaani alifikirije?"

"Shemeji," alisema, "unaishi Johannesburg, unaniuliza mimi?"

Siku ya kesi kutajwa tena, mama wa kijana alikuwa amefika. Alikuwa amesafiri kwa basi kutoka kijijini, amevaa nguo ya Kivenda yenye mistari ya rangi nyingi, bangili zimejaa mikononi. Kwa kuwa yeye alikuwa shahidi mpya, lugha yake iliandikwa upya, na kwa hiyo yule mkalimani wa Kivenda, mzee mmoja mwenye kikohozi, hatimaye aliruhusiwa kuingia. Mimi niliambiwa nibaki pia. Nilikuwa bado kwenye faili.

Mama alisogea mbele ya hakimu, akamtazama, kisha akajilaza sakafuni. Alilala ubavu, viganja vimeunganishwa, bangili zikalia kwenye vigae.

"Ambulansi!" askari alipiga kelele. Karani akakimbia na glasi ya maji. Mwendesha mashtaka akaanza kulegeza tai, sijui ya nani.

"Hajazimia," mkalimani mzee alisema baada ya kumaliza kukohoa. "Anamsalimia Mheshimiwa. Mwanamke wa Kivenda humsalimia hivyo mtu anayemheshimu."

Hakimu alikuwa amenyanyuka nusu. Hakujua kama akae au asimame, akabaki ameinama vile, mikono mezani, na kwa kweli ilikuwa salamu nzuri pia. "Mwambie nimeipokea," alisema.

Mwendesha mashtaka akaanza maswali. Alimuuliza mama anajuaje kwamba mshtakiwa ni mwanawe.

Mama alimgeukia mkalimani. "Mwambie huyu mtoto," alisema kupitia kwa mkalimani, "kwamba nilikuwepo mwanangu alipozaliwa."

"Kuna mtu mwingine anayeweza kuthibitisha hilo?"

"Baba yake alikuwepo. Ila alisimama nje."

"Na wewe mwenyewe, unaweza kuthibitisha kwamba ni raia?"

Mkalimani mzee alisita kabla ya kutafsiri. Mama aliposikia, hakukasirika. Alionekana kumhurumia mwendesha mashtaka. "Nimezaa hapa na nimezika hapa," alisema. "Anataka nifanye nini kingine?"

Sijui swali la baadaye lingekuwa lipi. Mlango ulifunguliwa, ofisa wa uhamiaji akaingia, akamnong'oneza mwendesha mashtaka sikioni. Sistemu ilikuwa imerudi. Mashine ilikuwa imezitambua alama za vidole mara moja. Kijana alikuwa raia tangu siku aliyozaliwa. Mwendesha mashtaka aliinuka, akasema upande wake hauna nia ya kuendelea na shauri, akakaa.

Hakimu akavua miwani. Nadhani alitaka kusema kitu kirefu, lakini akasema tu, "Mkalimani, mwambie yuko huru."

Tukasimama wakalimani wawili. Mzee akamwambia kwa Kivenda. Hakimu akaniangalia mimi, akaiangalia faili, akaniangalia tena. Nikaelewa. Nikamgeukia kijana, nikasema, "Ndugu yangu, uko huru."

"Aksanti sana, mama," alijibu. "Sasa minaenda ku nyumba."

Kilikuwa Kiswahili cha Bukavu, safi, pamoja na lafudhi. Wiki zote hizo alilala chumba kimoja na Wakongo, na mtu akitaka kuomba maji au nafasi ya kulala, lazima ajifunze. Mwendesha mashtaka aliinua kichwa taratibu. Hakimu akaifunga faili haraka, kama anayefunika sufuria inayofurika, akaita shauri linalofuata.

Nje kwenye ngazi mama yule alinishika mikono yote miwili na kudai namba yangu ya simu. Nilimpa. Kijana alikuwa amesimama pembeni, ananyoosha mgongo juani. Nilimuuliza kama ana hasira na polisi.

"Polisi siwajui," alisema. "Kati ya wale waliokuwa wakisafisha mtaa, kuna mama mmoja nilimtengenezea friji. Nilikula kwake. Nilipopandishwa garini nilimwona anapiga makofi. Nilidhani hajaniona vizuri, nikamwita kwa jina. Akaendelea kupiga."

Mama yake hakuelewa Kiingereza hicho. Aliendelea kunishika mikono na kucheka.

Shauri la msusi halikuwa na kichekesho. Nilimkalimania nikijua kila neno, na hakimu yule yule alimsikiliza kwa upole ule ule. Karatasi zake za ukimbizi zilikuwa zimepita muda. Alieleza jinsi alivyopanga foleni nje ya ofisi alfajiri baada ya alfajiri, na jinsi mlinzi alivyokuwa akiwaambia warudi siku nyingine. Hakimu alisema anasikitika, lakini sheria haimpi nafasi. Msusi aliniuliza, "Amesema nini?" Nikamwambia. Akaniuliza kama nimesema yote, au nimepunguza. Nilikuwa nimesema yote.

Walimrudisha Kongo kwa ndege, wakamshusha Kinshasa. Kwao ni Bukavu, mwisho mwingine wa nchi ambayo ni kubwa ajabu, na hakuna barabara ya kumfikisha. Namba yangu aliipata kwa mchungaji wa Wakongo wa La Rochelle. Alinipigia siku moja nikiwa nasubiri kwenye roboti, kama huku wanavyoziita taa za barabarani, kijani imeshawaka, magari yananipigia honi.

"Mama, huku banasema Kilingala tu," alisema. "Mi sikijue. Ku soko minanyoosha kidole kama bubu. Banasema mi ni mugeni, nirudie kwetu."

"Unawajibu nini?"

"Nabajibu kwa Kiingereza cha Joburg. Natikisa kichwa, nasema eish." Akacheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena alikuwa na ombi. Mashine yake ya kukaushia nywele, ile ya kusimama, ilibaki kwenye chumba alichopanga. Mwenye nyumba asije akaiuza.

Nilimpigia Mvenda, kwa kuwa ana pikapu, na kwa kuwa mama yake hunipigia kila Jumapili na kunisalimia kwa Kivenda kirefu ambacho sikielewi, nami namjibu kwa Kiswahili, na tunaagana vizuri. Tulikwenda pamoja La Rochelle. Mwenye nyumba alikuwa mjane wa Kireno aliyefika mji huu akiwa msichana, na Kiingereza chake bado kilikuwa na lafudhi ya kwao. Alitufungulia chumba bila ubishi. Kitanda kilikuwa kimeshachukuliwa, lakini mashine ilikuwa pale pembeni, kichwa chake kimeinama.

"Mtaa huu umeharibika," alituambia tukiwa tunaikokota. "Wageni wamejaa. Na wewe, kijana, ni wa wapi?"

Mvenda aliweka mashine chini, akapumua.

"Bukavu," alisema.

Mjane akaitikia kwa kichwa kama aliyejua, akatushikia mlango.

Mashine iko kwenye gereji yetu Randburg. Kijana alibadilisha waya na plagi, sasa inafanya kazi, ingawa hakuna anayekausha nywele. Binti yangu huenda kukaa chini yake na simu, kichwa ndani ya kile kibakuli, nami nikimwita kwa Kiswahili hanisikii kabisa.